Mtoto wa Mfalme na Kofia ya Baba

Tarehe 1 Januari 1539, siku ambayo watu wa kasri la Uingereza walikuwa na desturi ya kumpelekea mfalme wao zawadi za mwaka mpya, mchoraji Hans Holbein, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi London, alimpelekea Mfalme Henry wa Nane picha ya mwanawe. Mtoto huyo, Edward, alikuwa na umri wa miezi kumi na minne hivi. Picha yenyewe ilichorwa kwa rangi juu ya ubao ambao urefu wake haufiki sentimeta 60, nayo ingalipo hata leo, imehifadhiwa katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini Washington, nchini Marekani. Mfalme naye alimrudishia mchoraji fadhila: alimpa chombo cha kunywea kilichopakwa dhahabu, chenye kifuniko chake.

Mtu akiitazama picha hiyo kwa mara ya kwanza, kinachomvuta ni mashavu. Ni mashavu manene ya mtoto yeyote anyonyaye akashiba. Lakini kila kitu kinachoyazunguka mashavu hayo ni cha mtu mzima. Mtoto amevaa nguo nyekundu yenye mikono ya kitambaa cha dhahabu, na juu ya kile kikofia kinachofungwa chini ya kidevu amevikwa kofia pana yenye unyoya, ya namna ileile waliyovaa mabwana wa kasri. Mkono wake wa kulia umeinuliwa na kiganja kimefunguliwa, kama afanyavyo mtawala anayewasalimu raia zake au askofu anayewabariki waumini. Mkono wa kushoto umeshika kichezeo cha dhahabu cha kutikisa, mfano wa manyanga. Naye amekishika kwa adabu, jinsi wafalme wanavyoshika fimbo ya enzi. Yeyote aliyewahi kulea anajua kwamba hakuna mtoto wa miezi kumi na minne anayeketi hivyo. Kichezeo kingekuwa kimekwisha kutiwa mdomoni, na kofia ingekuwa sakafuni.

Chini ya picha yameandikwa maneno ya Kilatini yaliyotungwa na Richard Morison, mmoja wa watu wa kasri. Maneno hayo yanamsihi mtoto amwige baba yake na kuurithi wema wake, tena yanamkumbusha kwamba duniani hapana mkubwa kuliko baba huyo. Ni dhahiri kwamba mtoto hakuweza kuyasoma. Yaliandikwa ili yasomwe na baba, na wale waliosimama nyuma ya baba.

Liko jambo ambalo picha hailisemi. Mama wa mtoto yule, Jane Seymour, alifariki dunia tarehe 24 Oktoba 1537, siku kumi na mbili tu baada ya kujifungua. Henry alikuwa ametawala tangu mwaka 1509 akingoja mtoto wa kiume atakayemrithi, na kwa ajili ya kungoja huko aliwaacha wake na kuigeuza dini ya nchi nzima. Kwa hiyo ubao ule mdogo ulikuwa tangazo la serikali: mrithi yupo, ni mzima, na anafanana na baba yake. Edward alikalia kiti cha ufalme mwezi Januari 1547, akiwa na miaka tisa. Wajomba zake wakagombania kuongoza kwa jina lake, na wote wawili wakakatwa vichwa, mmoja mwaka 1549 na mwingine mwaka 1552. Mwenyewe alifariki tarehe 6 Julai 1553 akiwa na miaka kumi na mitano.

Katika karne hiyo ya 16, picha za wana wa wafalme zilisafiri kama barua zinavyosafiri. Holbein huyo huyo, tarehe 12 Machi 1538, alitumwa Brussels akapewa muda wa saa tatu tu kumtazama Christina wa Denmark, binti wa miaka kumi na sita aliyekuwa amekwisha kuwa mjane, ili Henry apate kuamua kama atamposa. Mfalme alifurahi mno alipoiona sura yake, lakini ndoa haikuwa. Picha ya binti huyo katika nguo zake nyeusi za eda sasa imo London. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa: kijana wa kifalme alitangulizwa na sura yake, na sura hiyo ilikuwa imekwisha kukubali au kukataa mambo kabla ya mwenyewe kuulizwa.

Nchini Burundi hapakuwa na wachoraji wa kasri. Hata hivyo haifai kudhani kwamba mwana wa mwami hakuwa na taswira yake. Taswira ilikuwapo, ila ilichorwa kwa maneno na kwa ngoma. Mapokeo ya Warundi husimulia kwamba mtoto aliyekusudiwa kutawala alizaliwa amekunja mkono, na ndani ya kiganja chake mlikuwa na mbegu. Mkunga na wazee waliozifungua zile ngumi ndogo ndio waliotoka nje na kutangaza kile walichokiona. Msomaji na aiweke habari hiyo kando ya ubao wa Holbein. Huku mbegu mkononi, kule kichezeo cha dhahabu mkononi, na kote kuwili mtoto amekabidhiwa kazi kabla hajajua kutambaa. Baadaye jina nalo liliongeza mzigo wake. Majina ya kifalme ya Burundi yalifuatana kwa zamu, Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa, na kila jina lilikuja na sifa zake na miiko yake, ikamlazimu mtoto akue mpaka alienee, kama mtu aliyepewa joho la marehemu. Katika Kirundi neno ingoma lina maana ya ngoma, na pia lina maana ya ufalme wenyewe. Mfalme alionwa na wachache sana. Ngoma zake zilisikiwa na wengi, kwa mfano zile zilizohifadhiwa katika kilima cha Gishora, karibu na Gitega, ambako zingali zinapigwa hadi leo.

Mwezi Gisabo alifariki mwaka 1908, akafuatwa na mwanawe Mutaga, aliyekuwa kijana bado. Mutaga naye alifariki tarehe 30 Novemba 1915. Ngoma zikapigwa kwa ajili ya mtoto wa miaka mitatu hivi, Bangiricenge, aliyeitwa Mwambutsa wa Nne. Watu wazima wakasimama nyuma yake, kama wale wajomba wa Edward: Malkia Ririkumutima, mjane wa Mwezi Gisabo, pamoja na wakuu wa ukoo. Hata mwaka haukwisha, mwezi Juni 1916 majeshi ya Ubelgiji yakawaondoa Wajerumani nchini, na mtoto akajikuta ana walezi wa namna nyingine, wenye sare na vitabu vya hesabu. Walezi hao wa kigeni ndio waliokuwa na kamera. Utawala wa walezi uliendelea mpaka mwaka 1929.

Makumbusho ya Taifa ya Gitega yalianzishwa mwaka 1955, na humo, pamoja na vyungu, vikapu, ngoma na vitu vingine vya kasri, zimo picha za zamani za jamaa ya kifalme. Ni jumba dogo, na mtu anaweza kulizunguka kwa muda mfupi asipokuwa na haja ya kutazama. Mwenye haja ya kutazama atakumbuka kwamba Gitega ni zaidi ya mahali pa kuhifadhia picha hizo. Baadhi ya watu wake walizaliwa hapa.

Louis Rwagasore, mwana wa kwanza wa Mwambutsa, alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932. Alisoma Astrida, katika nchi ya jirani ya Rwanda, kisha akaenda Antwerp nchini Ubelgiji. Aliporudi aliingia katika siasa za uhuru, na miongoni mwa watu waliompokea kwa mikono miwili walikuwa Waswahili wa mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura. Wanawake wa mtaa huo ni kati ya waliothubutu kuandamana alipozuiliwa na Wabelgiji mwaka 1960. Chama chake cha Uprona kilipata viti 58 kati ya 64 katika uchaguzi wa Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi akiwa mezani katika Hoteli Tanganyika. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Tangu hapo sura ya Rwagasore imekuwa sura ya taifa. Imewekwa katika stempu, na noti ya faranga 10,000 iliyotolewa mwaka 2004 ilimwonyesha pamoja na Rais Melchior Ndadaye. Ni kijana aliyevaa suti na tai, ametulia, hazeeki. Watu wa Burundi wamemtazama hivyo kwa zaidi ya miaka sitini, na wengi waliomzidi umri mara mbili bado humwita baba wa uhuru. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alikuwa pia baba kwa maana ya kawaida ya neno hilo, baba wa mabinti wawili ambao walifariki wangali wachanga. Sura ya ofisini haina nafasi ya habari kama hiyo, na yamkini haikukusudiwa iwe nayo.

Ndugu yake kwa baba, Charles Ndizeye, alizaliwa Gitega pia, tarehe 2 Desemba 1947. Mwezi Julai 1966 kijana huyo wa miaka kumi na minane aliwekwa mahali pa baba yake, na tarehe 1 Septemba akatawazwa kwa jina la Ntare wa Tano. Tarehe 28 Novemba, akiwa safarini Kinshasa, waziri mkuu wake, Kapteni Michel Micombero, alitangaza kwamba ufalme umekwisha na nchi ni jamhuri. Stempu na noti za ufalme zilikuwa bado zipo, na kuchapa nyingine ni gharama. Basi zikapigwa chapa nyeusi juu yake: neno la ufalme likafutwa kwa mstari, na neno la jamhuri likaandikwa juu yake. Barua zilizofika Muyinga, mji wa kaskazini-mashariki karibu na mipaka ya Rwanda na Tanzania, zilibandikwa stempu hizo. Hapakuhitajiwa hotuba. Mtu aliyejua kusoma aliweza kuyaona mapinduzi katika pembe ya bahasha.

Ntare aliishi ugenini Ulaya mpaka mwaka 1972. Mwisho wa mwezi Machi mwaka huo alifika Uganda, na Idi Amin, kwa kuamini au kwa kujifanya kuamini ahadi alizopewa, akamsafirisha kwa helikopta hadi Bujumbura. Akapelekwa Gitega na kuwekwa kizuizini katika kasri. Huko ndiko alikouawa usiku wa tarehe 29 Aprili 1972, katika mji aliozaliwa, akiwa na miaka ishirini na minne, na miezi iliyofuata maelfu kwa maelfu ya Warundi waliuawa pia. Baba yake alifariki Uswisi mwaka 1977, akiwa ameacha wosia kwamba mwili wake usirudishwe Burundi, na baada ya mabishano marefu mahakamani anaendelea kulala huko. Mtu akizitazama picha za ukoo huo kwa mpango wa miaka, haoni ufalme tu. Anaona baba na wanawe ambao hawakuweza kuzikwa pamoja.

Mambo hayo ya makasri hayapo mbali sana na nyumba ya askari. Mjini Gitega, mji ambao tangu mwaka 2019 ndio makao makuu ya kisiasa ya nchi, yupo askari polisi mmoja wa cheo cha chini aliyehamishiwa huko kutoka Muyinga. Mkewe ni mwalimu wa shule ya msingi, na zaidi ya mara moja amewapeleka wanafunzi wake makumbusho. Wana mtoto wa kiume wa miaka mitatu, ambaye ni somo wa babu yake mzaa baba. Babu huyo alikuwa mwanajeshi. Alifariki katika vita vilivyoanza mwaka 1993, wakati askari huyu alipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na mjane wake alikimbia Muyinga pamoja na wanawe, akavuka mpaka wa Kobero kuingia Tanzania. Katika kukimbia mtu huchukua watoto, sufuria na blanketi. Picha ya pekee ya mume wake akiwa katika sare ilibaki ukutani, na aliporudi miaka mingi baadaye, hata ukuta haukuwapo.

Basi askari huyo alikua bila ya kuijua sura ya baba yake. Alipotimiza mtoto wake miaka mitatu, aliazimia jambo moja: mtoto apelekwe kwa mpiga picha, avikwe bereti ya zamani ya baba yake na mkanda wake, apige saluti, na picha itiwe katika fremu na kupelekwa Muyinga kwa bibi. Aliona kwamba kwa njia hiyo kile kilichopotea ukutani kingerudishwa ukutani.

Mkewe hakukubali. Si kwamba alidharau kazi ya mumewe. Hakuna anayezipiga pasi sare hizo kwa uangalifu kumshinda yeye. Alianza na jambo dogo, akamwambia mumewe kwamba kofia ya kazi ni mali ya serikali na si kitu cha kuchezea. Mumewe akajibu kwamba bereti ile ilikwisha kuondolewa beji, na wala haitumiki tena. Hapo ndipo mkewe akasema lililokuwa moyoni.

"Baba watoto, mtoto huyu tumekwisha kumpa jina la marehemu. Sasa tunampa na kofia. Tutambakishia nini kilicho chake?"

"Mama watoto, mimi sikuwa na hata kimoja cha baba," akajibu. "Wewe unaona mzigo. Mimi naona urithi."

Maneno hayo yalikaa nyumbani kwa siku kadhaa. Ni shida kusema nani kati yao aliyekuwa na haki. Mwanamke alikuwa anafikiri habari alizowasimulia wanafunzi wake, za mtoto aliyepigiwa ngoma akiwa na miaka mitatu, umri uleule wa mwanawe, na za kijana aliyetawazwa Septemba na kuondolewa Novemba. Alijua mwisho wao. Mwanamume alikuwa anafikiri mwanzo, yaani ule ukuta mtupu wa utoto wake. Askari wengi watamwelewa. Mtu ambaye kazi yake humtoa nyumbani bila taarifa hupenda kuacha nyuma yake kitu kitakachosema kwamba alikuwako.

Ni kweli kwamba sio kila mchoraji wa makasri alifanya kama Holbein. Miaka sita hivi baada ya ile picha ya Edward, katika mji wa Firenze nchini Italia, mchoraji Bronzino alimchora Giovanni, mwana wa mtawala Cosimo de' Medici, mtoto aliyezaliwa mwaka 1543. Giovanni naye amevikwa nguo nzuri za rangi nyekundu. Lakini anacheka! Anacheka mpaka yale meno yake mawili madogo yanaonekana, na mkononi amemshika ndege mdogo kwa ule mshiko wa watoto, ambao ndege hawezi kuupenda. Shingoni amevalishwa marijani, kwa imani ya watu wa wakati ule kwamba humkinga mtoto na husuda na maradhi. Mama wa Pwani angeitambua mara moja kuwa ni hirizi. Mwoga ni yule aliyemvalisha. Mtoto mwenyewe hana habari. Giovanni alifanywa kadinali akiwa na miaka kumi na sita, akafa na homa mwaka 1562 akiwa na miaka kumi na tisa. Cheo chake cha baadaye hakionekani popote katika ile picha. Kinachoonekana ni kwamba siku moja ya mwaka 1545 mtoto huyo alifurahi, na mtu mmoja aliona kwamba furaha hiyo inafaa kuhifadhiwa.

Huko Gitega jambo lilimalizwa na mtoto. Wazazi walikubaliana kwamba zipigwe picha mbili, moja kwa kofia na moja bila kofia, kila mmoja akiwa na hakika kwamba ya kwake ndiyo itakayopendwa Muyinga. Mpiga picha, kijana mwenye subira, alimketisha mtoto kwenye kiti mbele ya pazia la samawati. Picha ya bila kofia ilikuwa ngumu kuliko walivyodhani, kwa sababu mtoto aliyeambiwa acheke hukunja uso. Ikatoka akiwa amenuna. Kisha baba akamvika bereti. Kichwa cha mtoto wa miaka mitatu hakiwezi kuishika kofia ya mtu mzima. Ikateremka polepole, ikafunika nyusi, ikafunika macho, ikasimama juu ya pua. Mtoto, badala ya kuiondoa, akatulia gizani humo akaanza kucheka peke yake. Baba akanyosha mkono ili aiweke sawa. Mpiga picha alikuwa amekwisha kubonyeza.

Zikapigwa nyingine, na katika moja ya hizo mtoto alipiga saluti nzuri, mkono ukiwa mahali pake, kama alivyofundishwa. Hiyo ndiyo iliyotiwa katika fremu. Nyingine zilitiwa ndani ya bahasha, pamoja na sabuni, sukari na kitenge, vikapewa jamaa aliyekuwa akisafiri kwa basi kupitia Karuzi.

Muyinga ulikuwa makao ya mkoa mpaka mwaka 2025, serikali ilipopunguza mikoa ya nchi kutoka 18 hadi 5 na kuuingiza katika mkoa mpya wa Buhumuza. Mambo hayo hayakubadili njia ya kwenda kwa bibi. Nyumba yake ipo katika mtaa wa Waislamu, ambako Kiswahili husikika siku nzima kwa sababu ya biashara ya mpakani. Katika sebule yake mna kalenda ya msikiti, saa isiyokwenda, na picha mbili za harusi za wanawe. Alipoipokea fremu aliibusu, akaitundika juu ya saa, mahali ambapo kila mgeni aingiaye ataiona. Jioni alipiga simu Gitega kushukuru. Alizungumza na mwanawe kwanza, akaisifu saluti, na mwanawe akamtazama mkewe kwa jicho la mshindi.

Kisha akaomba apewe mkwewe.

"Mkwe wangu," akasema, "hujambo? Ahsante kwa sukari. Katika bahasha mna picha moja, mtoto kofia imemziba macho."

"Ndiyo, Mama. Hiyo iliharibika, tuliitia tu."

"Haikuharibika. Baba yake mkubwa, mwenye jina lake, alikuwa akirudi kazini anaketi barazani, anaivuta kofia mpaka kwenye pua, anajifanya amelala. Watoto wakija kumnyemelea, anacheka humo humo ndani ya kofia. Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kabisa, mpaka leo."

Mwalimu akanyamaza, akamkabidhi mumewe simu ili asikie mwenyewe. Bibi akarudia maneno yake tangu mwanzo. Kwa miaka yote ile alikuwa amewasimulia wanawe habari za baba yao: urefu wake, ushujaa wake, kambi alizohudumu, jinsi watu walivyomheshimu. Habari ya kofia barazani hakuwa amepata kuisimulia. Mwanawe aliuliza maswali mengi usiku huo. Aliuliza baraza ilikuwa upande gani wa nyumba, na kama naye alikuwa miongoni mwa hao watoto walionyemelea. Bibi akamwambia kwamba yeye alikuwa mdogo mno, alikuwa mgongoni, lakini alicheka pamoja na wenzake.

Picha ile sasa imekuzwa na kupelekwa Muyinga kwa mara ya pili. Bibi hakuitundika sebuleni pamoja na ile ya saluti. Ameiweka chumbani kwake, kando ya kitanda. Alitoa agizo moja tu kabla haijaletwa, kwamba nyuma yake yaandikwe kwa kalamu ya wino jina la mtoto, mahali na tarehe, tena tarehe iandikwe kwa herufi kubwa. Mwanawe alipouliza kwa nini tarehe, bibi alimjibu kwamba babu na mjukuu wana jina moja, na watakaoipokea picha hiyo baada yake hawatakuwa na njia nyingine ya kujua ni yupi kati yao aliyekuwa akicheka chini ya kofia.